Maganda ya Risasi ya Mwadui

Sisi tuliozaliwa Usukuma kabla ya Uhuru tulikua tukiokota shaba porini. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliendesha jaribio kubwa la kuua wanyamapori huku Shinyanga, kwa hoja kwamba mbung'o akikosa damu ya mnyama wa porini atatoweka, na ng'ombe wetu watapona ugonjwa wa nagana. Wawindaji walitumwa na bunduki za serikali, wakapiga mwaka baada ya mwaka. Nyama ililiwa, mifupa ikasagika, lakini maganda ya risasi yalibaki vichakani. Kila mvua zilipoanza yaliibuka mchangani yakiwa yameota ukungu wa kijani. Wachungaji wadogo tulishindana kuyaokota. Ukipuliza mdomo wa ganda kwa pembeni hutoa mluzi mkali unaofika ng'ambo ya mbuga. Mengine tuliyapeleka kwa wahunzi, wakayayeyusha na kufua bangili na pete.

Kwetu sisi, ganda lilikuwa kitu kilichokwisha kazi. Ilinibidi nifike Mwadui ndipo nikajua kwamba ganda la shaba linaweza kufanya kazi mara nyingi, na kwamba kati ya mlio mmoja na mwingine kuna kazi ya mikono inayotaka subira na macho makali.

Niliingia Mwadui mwaka 1963 nikiwa kijana, kibarua wa karakana. Dk. John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyeligundua bomba la almasi pale mwaka 1940, alikuwa amefariki Januari 1958, na mgodi ulikuwa wa De Beers na serikali, kila upande nusu. Ndani ya uzio mlikuwa na mji kamili: umeme wake, hospitali, shule, maduka, uwanja wa ndege. Nje ya uzio ilikuwa Maganzo na mashamba ya pamba. Mtu akiniuliza Mwadui kulikuwa na kazi gani, humjibu kwamba kazi yetu ilikuwa kuosha. Udongo wa kimbalaiti ulichimbwa, ukapondwa, ukazungushwa kwenye mapipa makubwa na maji mpaka tope litoke, kisha ukachekechwa. Mwisho changarawe ilipitishwa juu ya grisi: mawe mengine huteleza na maji, almasi hunasa, kwa kuwa almasi haishikani na maji ila hushikana na mafuta. Katika mji ule hakuna aliyedharau kazi ya kuosha kitu kidogo kwa uangalifu.

Kulikuwa na mhandisi mmoja wa Kizungu, mpenda kuwinda, ambaye jina lake nitalihifadhi. Alikuwa na leseni ya bunduki zake na kibali cha kujaza risasi zake mwenyewe. Wakati ule risasi za kuwindia wanyama wakubwa zililetwa kwa meli kutoka Ulaya, zikapanda reli kutoka Dar es Salaam hadi kwetu, na bei yake haikuwa ya mchezo. Katika risasi nzima, sehemu ya gharama kubwa ni ganda. Kichwa cha risasi huenda na hakirudi, baruti huungua, fataki inayoiwasha hupasuka mara moja tu. Ganda ndilo hubaki. Mwenye kulitunza ganda alipunguza gharama zake sana.

Mhandisi hakuisafisha shaba yake mwenyewe. Kazi ile aliikabidhi kwa fundi mzee wa karakana, mtu wa Tabora, na mzee akanichagua mimi nimsaidie Jumamosi mchana, baada ya kazi za mgodi. Baruti na fataki mpya sikuwahi kuzigusa. Zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwenye leseni peke yake. Sisi kazi yetu ilikuwa ganda tupu.

Siku ya kwanza nilimkuta mzee ameketi kwenye kigoda gerejini, mbele yake karai la maganda meusi.

"Mwangaluka, guku," nikamsalimu kwa heshima ya babu.

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Nawa mikono, ukae. Halafu usiniambie lipi limeng'aa. Niambie lipi ni zima."

Neno lile alilirudia miaka yote niliyokaa naye, na ndilo lililonifanya niandike kumbukumbu hizi.

Kazi ilianza kwa kupanga. Maganda ya bunduki ya .303, ambayo polisi waliitumia, hayakuchanganywa na ya .375 ya kuwindia nyati, wala ya .30-06 ya Kimarekani. Kisha yaliangaliwa kwa jua moja moja kabla ya kuguswa na maji, tukitafuta ufa shingoni, ubonyeo mwilini, alama ya moshi iliyovuja kwenye kitako. Mzee alichukua maganda mawili akayagonganisha taratibu sikioni. Ganda zima hulia kwa sauti ndefu, lenye ufa hutoa sauti fupi ya kukwama. Akinamama wanaonunua vyungu gulioni hufanya vilevile kwa kidole, na sikio huwaambia lililofichwa na moshi wa tanuri.

Hatua ya pili ilikuwa kutoa fataki iliyokwisha kulia. Maganda ya Kimarekani yalikuwa mepesi: ndani ya kitako yana tundu moja katikati, ukipitisha sindano ya chuma na kugonga, fataki hutoka. Ya Kiingereza mengi yalikuwa na matundu mawili madogo pembeni, na sindano haifiki. Mzee alilijaza ganda maji mpaka shingoni, akachomeka fimbo ya chuma iliyokaza sawasawa na mdomo wa ganda, akaipiga kwa nyundo ya mbao. Maji hayakubali kubanwa. Yakikosa pa kwenda, yanapita matunduni na kuisukuma fataki nje. Nilishangaa sana mara ya kwanza nilipoiona fataki ikidondoka kwenye ndoo kwa nguvu ya maji matupu.

Kisha kuosha. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na fataki ya klorate ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu na kula chuma cha mtutu na shaba ya ganda, na mafuta hayaiondoi. Inaondoka kwa maji tu, tena ya moto. Tulichemsha maji kwenye debe, tukatia sabuni ya kufulia na maji ya ndimu. Tindikali ya ndimu hula ule weusi, shaba ikarudi rangi yake. Zisipopatikana ndimu, mzee alitumia ukwaju uliolowekwa. Lakini alinikataza kuyaacha maganda humo muda mrefu. Shaba ya ganda ni mchanganyiko wa shaba nyekundu takriban asilimia 70 na zinki asilimia 30, na tindikali ikikaa sana huivuta zinki itoke. Ganda likitoka majini lina madoa ya waridi, ujue limeliwa. Baada ya hapo tulisuuza kwa maji mengi, tukayatandaza juu ya gunia, midomo ikitazama chini. Jua la Shinyanga lilimaliza kazi kabla ya alasiri.

Kung'arisha kulifuata. Mafundi walikuwa wametengeneza pipa dogo la bati lenye mbao tatu ndani za kugeuza mzigo, likazungushwa polepole na mota kuukuu ya umeme. Wageni wa mhandisi walizungumzia maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo Marekani ndiyo yaliyotumiwa kung'arishia. Sisi tulikuwa na magunzi ya mahindi, na hayo hata huko ughaibuni yalitumika vilevile. Tuliyakausha, tukayatwanga kinuni, tukayachekecha mpaka yabaki chembe ndogo kuliko punje ya mtama. Tulijaribu pumba za mpunga. Mzee akazikataa baada ya kulitazama ganda kwa kioo cha kukuza: pumba zina chembechembe ngumu kama za mchanga, zilikuwa zimeikwaruza shaba. Magunzi hayakwaruzi. Yanafyonza mafuta na kuondoa uchafu, na shaba haipungui.

Pipa lilizunguka saa kadhaa, na lilipofunguliwa maganda yalitoka na mng'ao laini wa dhahabu iliyofifia. Vijana wengine wa karakana walipenda kupita kuyatazama. Mmoja alileta kopo la dawa ile ya kung'arishia vifungo na vitasa, ambayo askari wa ulinzi waliitumia kila asubuhi, akasema ingetupunguzia saa zote zile. Mzee aliinusa, akaifunika.

"Hii ina amonia," alisema. "Kifungo cha koti hakibebi moto. Ganda linabeba."

Maelezo kamili niliyapata miaka mingi baadaye katika vitabu vya metali. Jeshi la Uingereza huko India liliona kwamba risasi zilizohifadhiwa wakati wa masika karibu na mazizi ya farasi zilipasuka zenyewe, bila kupigwa. Mwaka 1921 watafiti walieleza sababu: shaba iliyofinyangwa kiwandani hubaki na mkazo ndani yake, na hewa ya amonia kutoka mkojo wa farasi, ikikutana na unyevu, hupenya kati ya chembe za metali na kuzifungua. Mzee wangu hakuwa amekisoma kitabu hicho. Aliyajua hayo kutoka kwa waliomfundisha kazi, na waliomfundisha walikuwa watu wa Vita Kuu ya Kwanza.

Hapo ndipo historia ya nchi hii inapoingia gerejini petu. Mzee alikuwa kijana mdogo Tabora wakati Wajerumani walipozingirwa na kukosa kila kitu kutoka kwao. Mwezi Aprili 1915 meli yao, Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmark la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza karibu na Tanga ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizamisha kwenye maji mafupi, na Waingereza walipoondoka mzigo ukaopolewa. Ndani yake mlikuwa na mamilioni ya risasi zilizoloa maji ya bahari. Jeshi la kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, halikuzitupa. Zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, maganda yakasafishwa, zikafungwa upya. Baadhi ziligoma kulia, lakini zile zilizokubali zilisaidia kurefusha vita ambavyo wapagazi wetu, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walivilipia kwa maisha yao.

Mwaka uliofuata, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, ilipigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Sarafu ndogo za heller 5 na 20 zilitengenezwa kwa shaba iliyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Mzee alikuwa na sarafu moja ya heller 20, yenye taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. na herufi T ya Tabora. Alisema kaka zake wakubwa walichambua maganda kwa ajili ya tanuri lile: yenye tope yaoshwe, yenye chuma yatengwe, na fataki ambazo hazijalia ziondolewe kwanza, kwa sababu moja tu ikiingia tanurini hujeruhi waliosimama jirani. Aliponionyesha sarafu ile alikuwa akinifundisha kwamba kusafisha shaba kwa uangalifu ni kazi ambayo watu wetu wameifanya kwa mikono yao kwa vizazi, ingawa majina yao hayakuandikwa popote.

Turudi kwenye benchi. Baada ya pipa, kazi iliyodhaniwa imekwisha ndiyo kwanza ilianza. Kila ganda lilipanguswa kwa kitambaa, tundu la kitako likachokolewa kwa waya ili chembe ya gunzi isibaki, kwa kuwa chembe moja huweza kuuziba moto wa fataki. Nyumba ya fataki ilikwanguliwa masizi. Kisha mzee alichukua waya mwembamba alioukunja ncha, akauingiza ndani ya ganda na kuuburuta polepole ukutani kutoka kitakoni kuja juu. Alinifundisha kuhisi kwa ncha za vidole. Ganda linapopigwa hutanuka na kuvutika, na kila mara likifinywa lirudi kipimo chake, shaba ya karibu na kitako hupungua unene. Kwa nje hutokea pete ya mng'ao hafifu, na kwa ndani waya hukwama kwenye mfereji mdogo. Siku moja mhandisi alibisha kuhusu ganda ambalo kwa macho lilikuwa zuri kuliko yote. Mzee hakubishana. Alilikaza kwenye jiliwa, akalipasua kwa msumeno kutoka mdomoni hadi kitakoni, akamkabidhi nusu zote mbili. Ukuta wa shaba ulikuwa umekonda pale pale alipoonyesha, mwembamba mno kubeba mlipuko mmoja zaidi. Mhandisi alilitazama kwa muda, akasema, "Ahsante, Mzee," na tangu siku ile hakulirudisha hata ganda moja lililokataliwa na mzee.

Shingo nayo ilikuwa na hesabu yake. Shaba inayofinywa mara kwa mara hukakamaa, na ikikakamaa hupasuka. Dawa yake ni moto wa kiasi. Tulilishika ganda kitakoni kwa vidole, tukaizungusha shingo juu ya mwali wa mshumaa, na joto lilipofika vidoleni tukalidondosha kwenye kitambaa kibichi. Vidole ndivyo vilikuwa kipimo: shingo inatakiwa ilegee, kitako kibaki kigumu. Kitako kikilegea, ganda halina budi kutupwa, kwa sababu ndicho kinachozuia moto usimrudie mpigaji usoni.

Yaliyokataliwa hayakutoka gerejini yakiwa na umbo la ganda. Yalipondwa kwa nyundo mpaka yakawa bapa, yakahesabiwa, yakapelekwa kwenye shaba chakavu ya karakana. Mzee alikuwa mkali katika jambo hilo kuliko yote. Ganda lililokataliwa kwa ufa lakini likang'arishwa ni hatari kwa yeyote atakayeliokota, maana atakachokiona ni mng'ao.

Nataka pia niandike kuhusu vumbi, kwa sababu wengi wa waliofanya kazi hii hawakuambiwa. Masizi ya fataki yana risasi, yaani madini yenyewe, na vumbi lake huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono inayokula. Mzee alitulazimisha kulifungua pipa nje ya gereji, tukisimama upande ambao upepo unatoka. Alitukataza kulipuliza ganda kwa mdomo. Mimi niliyekua nikipiga mluzi wa maganda niliona ni ukali wa uzee, lakini sayansi iko upande wake. Magunzi yaliyochakaa tulimwagia maji kidogo yasitimke, tukayafukia mbali na kuku na mbuzi. Kulikuwa na imani mgodini kwamba maziwa huosha kifua. Kilichotusaidia kilikuwa maji, sabuni na hewa safi.

Mhandisi aliondoka nchini miaka ya mwanzo ya 1970, na pipa likabaki kuhifadhia misumari. Mzee alirudi Tabora, akafariki huko. Mimi nilibaki karakana, nikawa mkaguzi wa vyuma: shafti, boliti, minyororo ya kuinulia mizigo, matanki ya hewa ya shinikizo. Kila chuma nilichokikagua nilikisafisha kwanza, hata pale msimamizi aliponiharakisha, kwa kuwa ufa hujificha chini ya grisi na kutu. Mafunzo yale ya Jumamosi yaliwaepusha watu na ajali ambazo hawakuwahi kujua zilikuwa karibu.

Nchi nayo ilibadilika. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa mikononi mwa majambazi na wezi wa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji wa Kahama na Shinyanga wakaunda Sungusungu kujilinda kwa pinde na mishale. Tangu hapo ganda la risasi vijijini halikuwa tena filimbi ya mtoto. Lilikuwa ushahidi, na kukutwa nalo kulimtia mtu mashakani. Leo silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na kujaza risasi bila idhini ni kosa. Naona ni sawa. Kazi niliyoieleza ilifanyika chini ya leseni na kufuli, na ingefaa ifanyike hivyo tu.

Ninyi wanunuzi wa chuma chakavu wa Maganzo, Kahama na Geita, na ninyi vijana wachimbaji mnaookota shaba mashimoni na porini, nawaomba mlishike neno la mzee wa Tabora. Msiangalie kinachong'aa, ulizeni kama ni kizima, na ulizeni kama kimekwisha kulia. Risasi ambayo haijalia, au fataki ya kulipulia miamba iliyosahauliwa, haigongwi, haikwanguliwi wala haitiwi kwenye tanuri la shaba. Iacheni ilipo, wawekeni watoto mbali, mkatoe taarifa kituo cha polisi. Na ninyi wazee wenzangu mliofanya kazi za mikono migodini, ziandikeni au muwaeleze wajukuu waziandike, kwa maana ujuzi mwingi ulioendesha migodi ile haumo kwenye kitabu chochote cha kampuni.